UZI: Helmeti ya kosplei, vipengele vidogo vipakwe kwa brashi ya hewa au brashi ya mkono?

#1 KipandeChaShaba

Wakuu, wote mnaotengeneza mavazi ya kosplei (ya kuigiza wahusika wa kubuni), ya jukwaani na ya filamu, naomba tulimalize hili hapa.

Kazi yenyewe: helmeti ya askari wa kubuni wa angani, plastiki ya PLA iliyochapwa kwa printa ya 3D. Msasa umeshapigwa, praima ya kijivu (rangi ya chini ya kushikishia) imeshakaa. Rangi kuu ni kijani iliyokolea, itapulizwa kwa kopo la spreyi, hapo sina swali. Maswali yako kwenye haya:

- ukanda mweupe wa sm 3 kutoka kipajini kupita utosini hadi kisogoni
- fremu ya kioo, nyeusi, upana mm 6
- nembo ya sm 5 kwenye kipaji
- mitaro ya paneli, upana mm 1.5
- vichwa 14 vya skrubu vilivyoinuka
- kivuli kwenye mashavu
- michubuko ya vita kwenye kingo

Brashi ya hewa (kalamu ya kupuliza rangi kwa hewa ya kompresa) ipo, ya kitufe cha hatua mbili, nozeli mm 0.3, na kompresa ndogo yenye tangi la lita 3. Brashi za mkono zipo. Kipi kifanywe na kipi, na kwa nini? Naomba vipimo.

#2 UpepoNaSindano

Mkuu, kabla hujashika chombo chochote angalia mpaka wa rangi unaoutaka. Brashi ya hewa inatoa ukungu: katikati mzito, pembeni unafifia. Mpaka wake ni laini kwa asili. Brashi ya mkono mpaka wake ni mkali kwa asili. Ukiilazimisha ya hewa itoe mpaka mkali, utalipa kwa tepu na saa za kuziba. Ukiilazimisha ya mkono itoe mpaka unaofifia, utalipa kwa michirizi. Kwa hiyo usianze na swali la chombo gani ni bora. Pima gharama ya mpaka, ukilinganisha na ukubwa wa eneo.

Sasa orodha yako.

Mashavu ni ya hewa, hapo brashi ya mkono haina nafasi. Chukua kijani ile ile, ongeza nyeusi kidogo, tone 1 la nyeusi kwa matone 5 ya kijani, halafu ipunguze uzito hadi iwe nyembamba kuliko kawaida, sehemu 1 ya rangi kwa 3 za kipunguzo. Presha psi 12 hadi 15 (ni paundi zile zile za kwenye geji ya tairi), umbali wa sm 4 hadi 5. Pita mara nyingi nyepesi. Kivuli kinachoonekana vizuri ukiwa umeinamia meza mara nyingi hakionekani mtu akiwa mita 2 mbele yako, kwa hiyo kila baada ya mipito michache isogeze helmeti mbali uitazame.

Ukanda ni wa hewa pia, kwa sababu nyingine kabisa: nyeupe juu ya kijani iliyokolea haifuniki. Kwa brashi ya mkono utahitaji mikono (yaani tabaka) minne au mitano, na juu ya utosi, mahali ambapo mwanga unapiga kuliko kote, kila mchirizi utaonekana. Ziba kwa tepu, puliza kwanza kijivu hafifu mkono mmoja, kisha nyeupe mikono mitatu au minne myembamba kwa psi 20, umbali wa sm 8 hadi 10, dakika 10 kati ya mkono na mkono.

Skrubu ni za brashi ya mkono. Kuziba duara 14 ndogo ili upulize kila moja kwa sekunde tatu ni kupoteza mchana mzima.

Mitaro si ya chombo chochote kati ya hivyo viwili. Ni ya rangi nyepesi inayojiendea yenyewe, wengine watakuja kueleza. Fremu na nembo zina mjadala wake.

#3 MkonoWaBango

Kwenye fremu nina neno. Mm 6 kuzunguka kioo chenye kona, juu ya uso uliopinda, ukitaka kuziba kwa tepu utakata vipande kama kumi na viwili, na rangi itapenya chini ya kimojawapo. Hiyo ni kazi ya brashi ya mistari, ile yenye nywele ndefu na nyembamba wanayotumia waandishi wa mabango. Nywele ndefu zinabeba rangi nyingi na zinalainisha mtetemo wa mkono, ndiyo maana mstari unatoka mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu wengi hukosea hapa: wananunua brashi namba 000 wakidhani ndogo ndiyo sahihi. Ile haibebi rangi, inakauka kabla hujamaliza sm 3, unaunga, na maungio yanaonekana. Brashi ya duara namba 2 yenye ncha nzuri inachora mstari wa mm 1 bila shida, na tumbo lake lina rangi ya kutosha kuzunguka upande mmoja wa kioo.

Namna ya kufanya:

Helmeti isimame yenyewe. Bomba la PVC la inchi 2, urefu kama mita 1, lichomeke kwenye ndoo ya mchanga, juu funga sifongo au matambara, vika helmeti. Sasa mikono yote miwili iko huru. Kidole kidogo kiguse helmeti muda wote, hicho ndicho mhimili wako.

Chora kwanza mipaka miwili ya fremu, wa ndani na wa nje, ukivuta brashi kuja kwako, kamwe usisukume. Ukifika kwenye kona, zungusha helmeti badala ya kupinda kiwiko. Kisha jaza katikati kwa brashi bapa ya mm 5.

Rangi ya mafuta ya mabango inajilaza vizuri kuliko ya maji kwa sababu inakauka taratibu, michirizi inapata muda wa kulala. Ubaya wake ni muda huo huo: iache siku nzima kabla ya kuigusa, siku mbili kukiwa na unyevu.

#4 UpepoNaSindano

MkonoWaBango, nakubali kwenye fremu, ila hiyo rangi ya mafuta iwe na onyo kubwa. Usipulize klia (vanishi isiyo na rangi) ya kopo yenye tina (kiyeyusho) kali juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa. Itakunjamana yote, na hapo hakuna cha kuokoa, ni kukwangua hadi praima. Mafuta juu ya rangi ya tina iliyokauka ni salama. Tina kali juu ya mafuta ndiyo hatari. Mwenye haraka atumie akriliki ya maji kwenye fremu.

#5 Kadogo_EVA

Akriliki kwa brashi ya mkono inaacha michirizi hata kwenye eneo dogo. Dawa yake nini? Naona watu wanaongeza maji tu na bado.

#6 MkonoWaBango

Maji peke yake hayatoshi kwa sababu yanapunguza uzito na pia yanapunguza gundi iliyo ndani ya rangi. Ukizidisha, rangi inakimbia katikati na kujikusanya pembeni, ikikauka inaacha pete.

Michirizi inatokana na mambo matatu, na tiba zake ni tofauti.

La kwanza, rangi ni nzito. Sehemu 2 za rangi kwa 1 ya maji ni mwanzo mzuri kwa akriliki za chupa ndogo za modeli. Za tyubu za wasanii ni nzito zaidi, anza na 1 kwa 1. Mkono wa kwanza lazima uwe wa kupenyeka, unaona praima chini yake. Ukifunika kabisa kwa mkono wa kwanza, umeshaharibu.

La pili, unarudi nyuma. Akriliki inaanza kushika ngozi ndani ya dakika moja au mbili, kwenye upepo hata mapema zaidi. Ukirudisha brashi juu ya sehemu iliyoanza kukauka unaichana ile ngozi. Ukiona kasoro, iache. Subiri dakika 20 hadi 30, pitisha mkono wa pili kwa mwelekeo uliopingana na wa kwanza. Ongeza kichelewesha ukaukaji, matone 1 au 2 kwa kila matone 10 ya rangi, usizidishe maana rangi itabaki inanata.

La tatu ni brashi yenyewe. Za kuchorea shuleni zenye nywele ngumu zinachora mifereji. Chukua sintetiki laini kwa akriliki. Nywele za kolinski (za mnyama, si sintetiki) ni nzuri mno kwa ncha lakini usizitumie kwa rangi za metaliki wala kuchubua, zinakufa haraka. Chovya theluthi moja tu ya nywele. Rangi ikifika kwenye kibati kinachoshika nywele inakauka huko ndani na kuzitawanya nywele, ncha haitarudi tena.

Ukiwa na kibao chenye unyevu (sahani, kitambaa chenye maji, juu yake karatasi ya kuokea mikate) rangi inabaki ile ile kwa saa kadhaa, hivyo skrubu ya 14 itafanana na ya kwanza.

#7 StikaNaStensili

Nembo: nenda kwa watu wa stika za magari. Kila mji wanao, wana mashine ya kukata vinili (plastiki ya stika). Wape mchoro wako, waambie wakukatie stensili, yaani tupu ibaki pale rangi inapoingia, na pembeni wakuachie sm 8 hadi 10 za vinili kuzunguka. Waombe vinili yenye gundi hafifu. Wakiwa na ile ya magari ya kudumu tu, ibandike kwanza mara mbili tatu kwenye nguo ya jinzi ili gundi ipungue nguvu, la sivyo itang'oa na kijani yako.

Uso wa helmeti umepinda kwa pande mbili, vinili imenyooka. Nembo ya sm 5 inakaa, ila ikizidi sm 7 au 8 inaanza kukunja. Kata mikato midogo kuanzia ukingo wa nje kuelekea nembo, isiguse nembo, na vinili italala.

Kisha siri ya mpaka mkali: kabla ya rangi ya nembo, puliza mkono mmoja mwembamba wa kijani ile ile ya chini, au klia. Kama kuna mahali stensili haijashika, kitakachopenya ni kijani juu ya kijani, na penyo hilo litakuwa limezibika. Ndipo ulete rangi ya nembo, psi 15, brashi ikiwa wima kabisa juu ya stensili. Ukilaza brashi, hewa inaingia chini ya ukingo. Hii inafanya kazi pia kwa tepu ya ule ukanda.

Bandua wakati rangi imekauka kwa kugusa lakini haijakomaa, kama dakika 15 hadi 30 kwa akriliki, ukiikunja stensili ijirudie yenyewe, taratibu. Ukingoja hadi kesho, rangi inakuwa ngozi moja na vinili na itachanika kingo.

Asiye na brashi ya hewa: sifongo kikavu, rangi kidogo sana, gonga wima mara nyingi. Mpaka unatoka safi vile vile. Uso unakuwa na chembechembe kidogo, na kwenye helmeti ya vita hiyo ni faida.

#8 KipandeChaShaba

Asanteni, fremu ni ya mkono, nembo ni stensili. Swali la brashi ya hewa: kwenye karatasi ya majaribio inatoa kizuri, kwenye kipande cha PLA wakati mwingine inatema madoa, wakati mwingine inakauka ikiwa vumbi. Chanzo?

#9 UpepoNaSindano

Hayo ni magonjwa mawili yanayopingana, usiyatibu kwa dawa moja.

Uso ukiwa mkavu wa vumbi, ukipitisha kidole unakwaruza: rangi inakauka hewani kabla ya kufika. Uko mbali mno, presha imezidi, au rangi haina kipunguzo cha kutosha. Sogea hadi sm 6, punguza presha kwa psi 5, ongeza kipunguzo.

Rangi ikikimbia pembeni kwa vijito: ni nyembamba mno, au presha ni kubwa na uko karibu mno. Karatasi inanyonya, PLA yenye praima hainyonyi, ndiyo maana karatasi inakudanganya. Fanyia majaribio kwenye chupa ya plastiki iliyopigwa praima ile ile.

Kutema madoa katikati ya mpito: angalia ncha ya sindano. Akriliki inakauka pale na kujenga kipande kidogo, kikiachia ndicho hilo doa. Weka pembeni pamba za masikio zilizoloweshwa kwenye kipunguzo, futa ncha kila dakika tano hivi. Ongeza kirahisisha mtiririko, matone 2 kwa kila matone 10 ya rangi.

Kutema mwanzoni tu mwa kila mpito: ni kidole. Kwenye brashi ya hatua mbili, bonyeza kwanza hewa, halafu vuta nyuma kwa rangi. Ukimaliza rudisha mbele kufunga rangi, hewa iache ya mwisho. Anayeachia hewa na rangi kwa pamoja anaacha tone kwenye nozeli, na tone hilo linatoka kwenye mpito unaofuata.

Rangi kwenda upande mmoja: sindano imepinda ncha. Itoe, ilaze kwenye kioo, izungushe utaona inavyochezacheza. Inanyooshwa kwa kuivuta nyuma huku ukiizungusha juu ya msasa wa maji namba 2000, kwa pembe ndogo sana. Ikishindikana, nunua nyingine.

Mapovu kwenye kikombe: hewa inarudi nyuma. Nozeli haijakazwa, ina uchafu, au imepasuka. Nozeli za 0.3 hupasuka watu wanaposukuma sindano kwa nguvu wakati wa kuirudisha. Irudishe hadi iguse tu, basi.

Uzito wa rangi: uwe wa maziwa. Ipandishe kwenye ukuta wa kikombe kwa brashi. Ishuke kwa upole ikiacha utando mwembamba unaopenyeka. Ikibaki ukutani ni nzito, ikishuka bila kuacha alama ni nyepesi mno. Zile zinazouzwa tayari kwa brashi ya hewa nazo mara nyingi zinataka matone mawili matatu ya kipunguzo.

Na chuja. Kipande cha soksi nyembamba ya kike mdomoni mwa kikombe cha kuchanganyia kinaokoa nozeli.

#10 Kadogo_EVA

Niongeze upande wa foamu ya EVA (sponji ngumu kama ya mikeka ya mazoezi) maana wengi hapa hawana printa. Foamu inanyonya na inapinda, kwa hiyo majibu yanabadilika kidogo.

Ipashe moto kwanza kwa bunduki ya hewa moto hadi uso ubadilike kutoka ukungu kuwa na mng'ao kidogo, hapo vinyweleo vimefunga. Halafu kizibaji kinachonyumbulika: mpira wa kimiminika wa kopo la spreyi mikono 3 hadi 4, au gundi ya mbao iliyopunguzwa kwa maji nusu kwa nusu, mikono 4 hadi 6, msasa mwepesi namba 400 katikati. Gundi ya mbao ni rahisi lakini kwenye kona zinazopinda sana itafanya nyufa.

Juu yake tumia akriliki peke yake. Rangi ya mafuta inakuwa ngumu na itapasuka siku ya kwanza ya kuvaa. Kivuli kwa hewa, kingo kwa mkono. Tepu iwe ile ya karatasi nyembamba ya modeli, na uivute kwa upole, kwa sababu kwenye foamu rangi ikibanduka inatoka na kizibaji chote.

#11 Kaskazi_MSA

Mnaongea kana kwamba wote tuko mji mmoja. Pwani na bara kazi si moja.

Huku Mombasa, Tanga, Dar, Unguja, adui ni maji ndani ya upepo. Kompresa inabana hewa yenye unyevu, hewa inapoa kwenye mpira unaoipeleka kwenye brashi, maji yanatokea, yanafika kwenye nozeli, unapata tone la maji katikati ya shavu. Kichujio cha maji kilicho kwenye kompresa hakitoshi, kwa sababu maji mengine yanaundwa baada yake, njiani. Ongeza kichujio kidogo cha pili chini ya brashi, mwisho wa mpira. Fungua koki ya chini ya tangi kila ukimaliza kazi. Kompresa ikishakuwa ya moto kiasi kwamba huwezi kushika kichwa chake, pumzisha.

Klia za kopo nazo hupata weupe kama unyevu ni mkubwa, hasa alfajiri na mvua za masika. Watu wanapenda kupuliza asubuhi na mapema kwa sababu hakuna upepo, lakini ndipo unyevu uko juu kuliko saa zote. Ngoja saa nne hadi saa kumi, kivulini. Ukiona weupe umeshatokea, usiguse. Mara nyingi mkono mwembamba wa klia siku kavu unaurudisha.

Wa Nairobi wana shida ya pili. Kule ni mita 1,700 hivi juu ya bahari, miezi ya kiangazi hewa ni kavu, akriliki inakaukia kwenye ncha ya sindano. Kichelewesha ukaukaji kwao ni lazima, na kwa brashi ya mkono kibao chenye unyevu pia.

#12 Praima400

Onyo moja kabla hatujaendelea, maana linaulizwa sana: kuna wanaochukua helmeti ya bodaboda na kuigeuza ya vazi. Ukishaipulizia rangi ya tina usiirudishe barabarani. Magamba mengi ni ya ABS au polikaboneti, na tina inadhoofisha plastiki hizo na kuleta nyufa ndogo ambazo rangi yenyewe inazificha. Ichague iwe ya vazi moja kwa moja.

Kioo nacho ni polikaboneti mara nyingi. Kitoe kabla ya rangi. Kisipotoka, ziba chote kwa tepu na nailoni pande zote mbili, ndani pia, kwa sababu vumbi la rangi linaingia kupitia shingoni. Asetoni isikiguse hata kwa kitambaa.

Na PLA inalainika karibu nyuzi 60. Usikaushe rangi kwa bunduki ya hewa moto, usiiache kwenye gari juani. Itajikunja na rangi yako nzuri.

#13 KipandeChaShaba

Mpangilio sasa. Rangi ya mitaro iende kabla au baada ya klia?

#14 Praima400

Baada ya klia ya kung'aa. Mpangilio wote:

Kijani ya kopo, mikono 3, acha saa 24. Ukanda kwa tepu na hewa. Kivuli cha mashavu. Stensili ya nembo. Fremu na skrubu kwa mkono, kwa akriliki. Acha usiku mzima. Klia ya kung'aa mikono 2 myembamba. Mitaro. Michubuko. Vumbi na masizi kwa hewa. Klia isiyong'aa mwisho.

Klia ya kung'aa kabla ya mitaro ina kazi mbili. Uso laini unaifanya rangi nyepesi ikimbie ndani ya mtaro yenyewe, na kilichomwagika pembeni kinafutika bila kula rangi ya chini. Rangi hiyo changanya sehemu 1 ya hudhurungi iliyokolea na nyeusi kwa 8 hadi 10 za maji, na tone dogo sana la sabuni ya vyombo ili maji yasijikusanye. Gusa mtaro kwa ncha ya brashi, uache ujivute. Baada ya dakika 3 hadi 5 futa juu kwa kitambaa chenye unyevu, ukifuta kwa kukata mtaro, si kuufuata.

#15 Kadogo_EVA

Mimi hapo natofautiana. Klia ya kung'aa ni ya modeli ndogo. Kwenye helmeti, nusu-mng'ao ni bora, kwa sababu uchafu kidogo unaobaki kuzunguka mtaro ndio unaoleta uzee. Ukifuta ukabaki mstari mweusi safi, inaonekana kama imechorwa kwa kalamu.

#16 Praima400

Kwa helmeti iliyochakaa hoja yako ni nzito, nusu-mng'ao itumike. Ila mwenye ukanda mweupe autie kwanza klia ya kung'aa sehemu ile tu. Nyeupe ikinywa hudhurungi haitoki.

#17 MkonoWaBango

Michubuko, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika kwa kuzidisha.

Chana kipande cha sifongo cha kuoshea vyombo kwa vidole, kisikatwe kwa mkasi, kingo zake ziwe ovyo. Chovya kwenye hudhurungi nyeusi, gonga kwenye karatasi hadi karibu kisitoe kitu, kisha gonga kwenye kingo: ncha ya kidevu, ukingo wa chini, pembe za fremu, mahali ambapo mkono unashika wakati wa kuvua. Katikati ya shavu pawe na mchubuko mmoja au miwili tu. Halafu brashi namba 1, rangi ya fedha, ndani ya alama zile kubwa peke yake, ukiacha hudhurungi izunguke. Mwisho mstari mwembamba wa kijani iliyopaushwa chini ya mchubuko, upande unaopokea mwanga, na utaonekana una kina.

Kingo zilizoinuka: usitumie ncha ya brashi. Laza ubavu wa nywele kwenye ukingo na uvute. Ukingo wenyewe unaongoza mstari, mkono ukitetemeka hakuna kinachoharibika.

Brashi ya hewa haiwezi kazi hii hata kidogo. Mchubuko wenye mpaka laini unaonekana ni doa la moshi.

#18 Juma_wa_Fedha

Na rangi za metaliki? Nataka skrubu na sehemu ya kidevu ziwe za chuma.

#19 UpepoNaSindano

Skrubu kwa mkono, kidevu kwa hewa. Metaliki ina chembe bapa, na brashi ya mkono inazipanga kufuata nywele, kwa hiyo eneo likizidi ukubwa wa kidole gumba unaona michirizi mwanga ukipiga. Ukungu wa hewa unaziangusha zikalala zenyewe.

Kwa metaliki nozeli 0.3 inatosha kama chembe ni laini. Zikiwa kubwa tafuta 0.5, na 0.2 itaziba tu. Tikisa chupa vizuri na koroga kikombe kila baada ya dakika chache, chembe zinazama. Chini weka nyeusi ya kung'aa, iliyolainika kabisa, kwa sababu chuma kinachukua uso wa chini yake kama ulivyo. Kasoro ya msasa iliyofichwa na kijani itajitokeza hapa. Psi 12 hadi 15, mipito hafifu, na usiweke klia isiyong'aa juu yake, itageuka kuwa kijivu cha kawaida. Ziba kidevu wakati unapuliza klia ya mwisho.

Kuna njia ya tatu isiyotaka rangi: unga wa grafaiti, ule wa penseli laini iliyosagwa, ukisuguliwa kwa kidole juu ya nyeusi iliyokauka. Unatoa chuma cha bunduki kizuri sana kwenye kingo. Unachafua nguo, kwa hiyo klia nyembamba ya nusu-mng'ao juu yake.

#20 Kaskazi_MSA

Mapafu, jamani. Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali hazizuii mvuke wa tina. Nunua ya mpira yenye vichujio viwili, alama A2P2 au zaidi: A ni mvuke wa viyeyusho, P ni chembe. Hata kwa akriliki ya maji, P inahitajika, ukungu wa rangi ni chembe na unafika ndani. Ukianza kusikia harufu ukiwa umevaa, kichujio kimekwisha.

Klia ya gereji ya kuchanganya na kigumisho ina aisosaianeti, kemikali inayodhuru mapafu. Hiyo isipulizwe nyumbani kabisa. Mpelekee fundi wa rangi za magari mwenye chumba cha kupulizia na barakoa ya kuletewa hewa safi kwa mpira.

Brashi ya mkono haina mahitaji haya yote, na kwa anayeishi chumba kimoja na watoto hiyo pekee inaweza kuamua.

#21 KipandeChaShaba

La mwisho kwangu: ikichubuka kweli kwenye tamasha, kivuli kilichopulizwa kwa hewa nakirekebishaje kwa mkono bila doa kuonekana?

#22 UpepoNaSindano

Weka akiba kabla hujamaliza kazi. Puliza kijani ya kopo ndani ya chupa ndogo kupitia mrija, ml 15 hadi 20, iache wazi saa moja gesi itoke, ndipo uifunge. Mchanganyiko wa kivuli nao, ml 5, na uandike uwiano kwenye chupa.

Wakati wa kurekebisha usipake, donoa. Brashi ya duara namba 2 iliyochakaa, rangi iliyofutwa karibu yote kwenye karatasi, donoa ndani ya mchubuko kwa kijani, ngoja ikauke, kisha donoa kivuli juu yake ukipunguza nukta kadiri unavyotoka nje. Kijani hiyo ya kopo ina tina na itagusa PLA tupu, kwa hiyo mkono mmoja tu, usisugue. Mchubuko ukiwa umefika kwenye praima na uko kwenye ukingo, uache na utie fedha katikati yake.